Kilo 40 zangu zilikuwa 26

Jumamosi moja ya mwezi wa sita tulipakia jimu yetu yote kwenye guta tukaipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Majirani wa barabara yetu hapa Ngamiani, Tanga, walitoka vibarazani kutazama. Bi mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa ya maziko, kama Kocha kafilisika. Kocha hakumjibu. Alikuwa kanuna tangu alfajiri, kwa sababu safari ile niliishikilia mimi, naye aliiona ni sawa na kuvuliwa shuka mbele za watu.

Jimu yenyewe si ya kujivunia kwa macho. Ni ua ulio nyuma ya karakana ya pikipiki, nusu umeezekwa bati, nusu uko wazi. Vyuma vyake vingi si vyuma: ni makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege na kuchomekwa kwenye bomba la maji la inchi moja na nusu. Zipo pia flaiwili mbili za lori, na kipande cha reli ambacho hakuna anayejua kilikotoka na hakuna anayeuliza. Kila kopo limeandikwa kwa brashi, kwa rangi nyeupe: 10. Aliyeandika alihamia Horohoro zamani, na mizani yake, kwa ushuhuda wa waliomkuta, ilikuwa viganja vyake viwili.

Kwa mnunuzi nilianza kwa kutafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Ilikuwapo, ya mwaka huu. Mzee mwenye mizani akatabasamu: "Bi mkubwa, umekuja kuuza au kunikagua?" Tukapandisha kopo la kwanza: kilo 9.1. La pili, pacha wake, lililokaa upande wa pili wa bomba miezi yote ile nikidhani bega langu la kulia ndilo bovu: 10.8. Bomba tupu: 6.5. Nikajumlisha juu ya kiganja, maana kalamu sikosi ila karatasi niliisahau. 26.4.

Nikafungua simu. Programu yangu ya mazoezi ilikuwa inasema kwamba Alhamisi iliyopita, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, nilinyanyua kilo 40 kutoka chini, mara nane, seti tatu.

Makopo hayakuwa na hatia kubwa. Lita moja ya zege ni kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 huja karibu na kilo 9 na nusu, likiyumba kidogo kwa kokoto na mchanga. Moja lilipunja, jingine likazidi, na kwa pamoja yalikaribia ile 20 iliyoandikwa. Kosa lilikuwa kwenye bomba. Katika kumbi za kweli, ile fimbo ya chuma inayobeba uzito huwa na kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, na ndivyo ilivyo hata kwenye Olimpiki, ambako wanawake waliruhusiwa kunyanyua vyuma kuanzia Sydney mwaka 2000. Waliotengeneza programu walichukulia kwamba kila anayeitumia programu yao ameshika na fimbo ya kilo 20. Nilipoandika makopo mawili, wao wakajumlisha yao kimyakimya. Miezi mitano nikawa nabeba bomba la maji na kulipwa mshahara wa chuma cha Olimpiki.

Mtu angetarajia nirudi nyumbani niifute. Sikuifuta, na makala haya nayaandika kuitetea, ila si kwa namna anayoitetea mpwa wangu, ambaye kwake kitu kikishaonekana kwenye kioo kimeshathibitika. Mimi ninasema kuandika unachonyanyua ni nusu ya zoezi lenyewe, na simu ni mahali pazuri pa kuandikia. Lakini kitabu kisichojua mizani, kisicho na safu ya maelezo, na kisichowahi kusomwa mbele ya mtu mwingine, hicho ni diwani ya majigambo.

Haya ya vitabu nayajua kidogo. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake 24. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanachama watatu, na mimi si mmojawao, kwa sababu anayeandika hafungui. Kila mkutano, kabla sanduku halijaguswa, salio la wiki iliyopita husemwa kwa sauti na kila aliyekaa kwenye mkeka analisikia. Kosa kitabuni halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, linabaki linasomeka, na wawili wanatia saini pembeni. Wanawake ambao hawakumaliza darasa la saba wanaijua kanuni hiyo kuliko wahitimu wengi.

Jimuni niliingia kwa njia ya mfupa. Mwaka juzi, nikiwa na miaka 50 na hedhi imeshakoma, niliteleza uani kwenye maji ya kufulia nikajiegemeza kwa mkono, na kifundo kikavunjika kama muhogo mkavu. Daktari aliyenifungua plasta alinieleza jambo ambalo hakuna shangazi aliyewahi kunieleza: kwamba hedhi ikikoma mifupa ya mwanamke hupungua kwa kasi, na kwamba pamoja na chakula na dawa kuna kitu kinaitwa mzigo. Mfupa ukibebeshwa, unajibu. Usiku nikaanza kusoma. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu walau siku mbili kwa wiki, na wala halisemi vijana peke yao. Huko Australia watafiti walichukua wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua, wakawanyanyulisha uzito mkubwa hasa, chini ya msimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane. Mifupa ya mgongo ikaongezeka pale ambapo ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani haikuongezeka. Boston, mwaka 1990, wazee kumi wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakitunzwa kwenye nyumba ya wazee walifanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane, na nguvu zao zikazidi mara mbili. Nikasema, kama bibi wa miaka 90 anaweza, mimi natafuta kisingizio gani.

Siku ya kwanza vijana walinipisha kama napita na jeneza. Kocha, ambaye ana umri wa mwanangu wa pili, aliniamkia, akanionyesha kopo, akasema, "Mama, taratibu, hiki kizito." Nikalinyanyua. Ndoo ya lita 20 najitwika tangu darasa la tatu. Sikuona cha taratibu.

Tukaelewana saa tatu asubuhi, wakati vijana wako kazini au wamelala. Na nikamwuliza, kwa mazoea ya kazi yangu, tunaandika wapi. Akacheka kwa adabu. "Mama, mwili haudanganyi. Utajiona mwenyewe kwenye kioo."

Hoja hiyo ina wafuasi wengi, na kwa kijana wa miaka 20 anayekula mara nne kwa siku huenda inatosha, kwa sababu mwili wake unavimba hata akikosea. Mimi nilikaa miezi minne nikijitazama kwenye kioo. Ndipo mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alipouliza mezani tukila: "Shangazi, ulianza na kilo ngapi, na sasa unabeba ngapi?" Sikuwa na jibu. Mimi, ninayeweza kukutajia nani alidaiwa shilingi 15,000 mfungo wa 2017 na alilipa kwa samaki. Kesho yake nikatazama kwa makini na nikagundua nilichokuwa nafanya: makopo yaleyale mawili, mara kumi, seti tatu, kila siku, kama mtu anayeswali rakaa bila kuhesabu. Miezi minne sikuwa nimeongeza hata jiwe.

Watu wanadhani kuandika ni urembo umeongezwa juu ya mazoezi na watu wa takwimu. Hapana. Mazoezi haya ya kisasa yalizaliwa yakiwa na karatasi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa Chicago kwenye hospitali iliyojaa askari walioumia magoti na mapaja. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa vijizito vyepesi wavirushe mara nyingi mpaka wachoke. DeLorme mwenyewe aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi ujanani na kujinyanyua kitandani kwa vyuma, kwa hiyo hakuviogopa. Akawa anamtafutia kila askari uzito anaoweza kuunyanyua mara kumi na si kumi na moja, kisha kila wiki anautafuta upya na kuupandisha. Mwaka 1945 akachapisha alichokiona. Sasa tazama dawa hiyo ilivyo: haitolewi bila kujua askari huyu alinyanyua ngapi wiki iliyopita. Ondoa karatasi, na inayobaki ni kurusharusha vyuma.

Basi mpwa wangu akaniwekea programu Januari. Ya bure, kwa Kiingereza kitupu, na alama nyingi kuliko maneno. Nusu ya vilivyomo sivigusi hadi leo. Kuna picha za misuli inayowaka rangi nyekundu, kuna mahali pa kufuatwa na watu nisiowajua, kuna kengele ya kuhesabu mapumziko, ambayo kwa kweli ni nzuri, maana kabla yake mapumziko yetu yalipimwa kwa urefu wa umbea.

Ila kuna kitu kimoja ndani yake ambacho kingenifanya niilipie kama ingeniomba kwa ustaarabu. Unapofungua zoezi, kila mstari una kisanduku kitupu cha kuandika namba ya leo, na kando yake, kwa rangi ya kijivu iliyofifia, iko namba uliyoifanya mara iliyopita. Basi. Hakuna neno. 8 ya kijivu. Umeinama, jasho linakuingia jichoni, umenyanyua mara ya saba, na mwili wote unakushauri uweke chini. Kisha unaikumbuka ile 8. Si kocha wala mshindani, ni wewe wa Jumatatu. Nimenyanyua mara nyingi ya nane, na chache ya tisa, kwa ajili ya namba ile ya kijivu peke yake, na sina haya kusema hivyo.

Kwa hiyo, nilipogundua bomba letu ni la kilo 6.5, sikuona kwamba miezi mitano imepotea. Kosa lilikuwa lilelile kila siku, aliyezidishiwa 13.6 Januari alizidishiwa 13.6 Mei, na ngazi niliyoipanda kati yao ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimepanda kweli, ila mguu wa ngazi ulikuwa umezikwa. Wapo wenzangu ambao kosa lao halikuwa la namna hiyo. Kijana mmoja alinunua sahani mbili za mtumba zilizochorwa 45, akatangaza barabara nzima kwamba anabeba 90 bila kuhesabu bomba. Karibu na namba kulikuwa na herufi mbili ndogo zilizolika kutu, za ratili. Sahani ya ratili 45 ni kilo 20 na kidogo. Lumbesa tunaijua kwenye gunia la mkaa. Kumbe na misuli inayo lumbesa yake.

Kilichonikosanisha na programu ni mambo mengine.

La kwanza ni vikombe. Siku moja nilijinyanyulia kilo 15 juu ya kichwa mara 20, kwa sababu nilikuwa na furaha tu, mwanangu wa mwisho amepata kazi. Simu ikalia, kikombe cha dhahabu kikachezacheza kwenye kioo: rekodi mpya, uwezo wako wa juu ni kilo 25. Nani kaipima? Hakuna aliyeipima. Ni kanuni ya Boyd Epley, aliyekuwa kocha wa nguvu Chuo Kikuu cha Nebraska: chukua uzito, uuzidishe kwa moja jumlisha marudio gawanya kwa 30. Ishirini kwa thelathini ni theluthi mbili, 15 ikawa 25. Kanuni hiyo ni ya manufaa kwa mtu anayenyanyua mara tano au sita. Marudio yakizidi kumi inaanza kukisia kwa ukarimu. Mimi sikuyajua hayo. Wiki iliyofuata niliomba kilo 25, nikazifikisha kwenye paji la uso, zikasimama pale. Kocha alizidaka akiwa ameacha chai yake ikimwagika. Hakusema kitu, na kimya chake kilinifunza kuliko kikombe. Katika kikundi chetu, mtu akiandika makadirio kwenye safu ya mapato anavuliwa uongozi.

La pili ni mfululizo. Nilikuwa nimejiwekea mara mbili kwa wiki, na wiki 8 mfululizo nikatimiza. Ukaja mwezi wa Ramadhani. Ukiwa unafunga huwezi kunyanyua saa tatu asubuhi kisha ukae na kiu mpaka magharibi. Nikabakiza mara moja kwa wiki, nusu saa kabla ya futari, uzito wa katikati. Kumi la mwisho sikwenda kabisa. Simu ikaniletea arifa usiku, mara tu nilipotoka tarawehe: umepoteza mfululizo wako. Na uso mdogo wa katuni unaolia. Nilikaa nao ule uso nikiutazama. Nimesomesha watoto wanne, nimezika mume, sasa nililiwe na simu kwa sababu nimefunga?

Najua ni jambo dogo na mpwa wangu alilizima kwa kubonyeza mara mbili. Lakini wapo wanaolizingatia. Shoga yangu mmoja, tunayefanya naye mazoezi, alinyanyua vyuma akiwa na homa ili asikatishe wiki zake 15, akalala siku sita. Mashine inayohesabu mahudhurio haijui msiba, haijui mfungo, haijui kwamba maji yamekatika Makorora na umeamkia kwa binti yako kumsaidia kubeba ndoo sita za lita 20 kutoka kisimani, ghorofa ya kwanza. Mzigo huo ni kilo 120, asubuhi moja, na haupo popote kwenye picha zile za misuli inayowaka.

Ndiyo maana naisema sana safu ya maelezo. Programu nyingi zinayo, imefichwa chini kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki bila kutumwa. Kwangu ndiyo kitabu chenyewe. Nikisoma namba zangu za mwezi wa tatu naona mstari unashuka kama mtu anayeteremka Lushoto. Nikisoma maelezo naona: "Ramadhani 9. Nimelala kwa saa tatu tu." "Ramadhani 16, daku uji tu." "Nimetoka msibani Pongwe, mgongo mzito." "Goti la kushoto linasema." Na mmoja ninaoupenda, wa mwezi wa tano, siku niliyoshindwa uzito niliokuwa nimeuzoea: "Sijui." Mgeni akiziona namba zile atasema nilizembea. Mwenye maelezo anajua kwamba mwezi ule nilifanya nilichoweza, na kwamba goti lilianza kusema wiki tatu kabla halijavimba, kwa hiyo mara nyingine likisema nisisubiri.

La tatu ni ufunguo, na hapa nakasirika. Wiki chache baada ya ile safari ya guta programu ilijisasisha yenyewe, ikala bando langu, na nilipoifungua nikakuta kumbukumbu zote zilizozidi siku 90 zimefunikwa ukungu. Unaona kuna kitu nyuma, huoni ni nini. Juu ya ukungu kuna kitufe: lipia uone. Kwa mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki, si kwa simu. Namba zile niliziandika mimi, kwa kidole changu, kwa jasho langu. Walichokuwa nacho wao ni sanduku tu. Sijakataa kulipia sanduku. Nakataa mwenye sanduku kuniuzia hisa zangu mwenyewe. Katika kikundi, mwanachama akitaka kuondoka hesabu yake inafungwa mbele yake na anaondoka nayo.

Mpwa wangu alitafuta siku mbili akapata kimlango ndani ya mipangilio kinachotoa data zote kwa faili moja la jedwali. Tukalitoa, nikajitumia mwenyewe WhatsApp, na sasa natumia programu nyingine inayohifadhi kila kitu ndani ya simu hii hii na kuruhusu faili kutoka kila ninapotaka. Ushauri wangu kwa anayeanza, kabla hajavutiwa na rangi wala vikombe, ni kuuliza swali hilo moja: nikitaka kuhama, naondoka na nini? Kisha atafute mahali pa kubadilisha uzito wa fimbo. Na kila mwisho wa mwezi nanakili mistari mitano kwenye kaunta buku, kwa kalamu, kwa sababu simu huibwa daladalani na kaunta buku sijawahi kusikia imeibwa.

Zile namba za zamani zenye kilo 13.6 za hewa nazo zilinitia mashakani. Programu inaruhusu kuzibadilisha; unabonyeza, unaandika mpya, ya zamani inatoweka kama haikuwahi kuwapo. Mpwa wangu alisema tuzisafishe zote, dakika ishirini kazi imekwisha. Nikakataa. Nimeziacha kama zilivyo, na kwenye maelezo ya siku ya mizani nimeandika: "Kuanzia leo bomba 6.5. Za nyuma zote zina ziada ya 13.6." Ndiyo kalamu yangu nyekundu. Nikitazama mstari, kuna mahali unaporomoka ghafla kutoka 40 kwenda 26, na kila nikiuona nacheka.

Saini za pembeni nazo tumezipata. Sasa tuko wanawake wanne pale saa tatu, na Jumamosi, baada ya mazoezi, tunakaa kwenye benchi la kulalia na kila mmoja anasoma wiki yake kwa sauti. Uzito, marudio, maelezo. Dakika kumi, na chai ya tangawizi. Sikutegemea ingebadilisha kitu. Lakini mtu anayejua kwamba atasoma mbele ya wenzake haandiki ile ya nane iliyoishia njiani. Na anayesikiliza husikia ambacho mwenyewe hakioni. Ni shoga yangu aliyegundua kwamba kila wiki ninayoandika "sijalala" ni wiki ya mgao wa hisa, nikihesabu fedha za watu kichwani usiku kucha. Hilo simu ilikuwa nalo mwaka mzima na haikuniambia.

Kocha alinisamehe polepole. Alinunua rangi nyeusi, akafuta zile 10 zote, akaandika kila kopo uzito wake hasa, na nukta yake. 9.1. 10.8. 9.4. 9.7. Wageni wanadhani ni utaalamu wa Ulaya. Vijana wa jioni hawakufurahi. Mmoja wao, bingwa wa kifua wa ua ule, aliyekuwa akijulikana mpaka Mabawa kwa kusukuma kilo 100, alijumlishiwa upya: bomba, makopo manne, flaiwili mbili. 76.7. Ukiniuliza mimi, kusukuma 76.7 kutoka kifuani ni kazi ya mwanamume hasa. Yeye alichukua fulana yake akaondoka, hakuonekana wiki tatu.

Alirudi Jumamosi iliyopita, asubuhi, saa yetu. Akaamkia, akakaa pembeni ya benchi kama mtu aliyeitwa na mjumbe, akasikiliza sote wanne mpaka mwisho. Kisha akanipa simu yake. "Mama, na yangu soma." Nikasoma. Jumatatu 76.7, mara tano. Jumatano 76.7, mara tano. Ijumaa 76.7, mara mbili. Safu ya maelezo ilikuwa tupu tangu mwanzo. Nikamwuliza Ijumaa kulikuwa na nini.

Akatazama makopo. "Andika sikuwa nimekula," akasema. "Tangu Alhamisi mchana."